Wakuja wa Olmareda

Kaka yangu mpendwa Fermín,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako, wewe na wifi yangu Graciela na mpwa wangu Ulises, ambaye kwenye picha ya mwisho amekupita kimo, na wewe umesimama kwa ncha za vidole ukidhani hatutaona. Tumeona. Je, hamjambo huko Rosario? Mgongo wako umepoa? Na duka la vifaa vya ujenzi linakwenda, au bado watu wanachukua misumari na kusema watalipa Jumatatu? Mimi ni mzima. Baba ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Kuku sijui habari zao, na sababu ya kutojua nitakuambia mahali pake, usinisukume.

Nakuomba kitu kimoja. Kama hujautazama muhuri wa posta kwenye bahasha hii, usiutazame. Najua tabia yako, wewe ukipewa kitabu unaanza na ukurasa wa mwisho. Safari hii nifuate pole pole, maana nikikupa mwisho kwanza utadhani nimerukwa na akili.

Utaona mwandiko wangu unapanda na kushuka. Siwezi kukaa, kaka. Naandika mistari miwili nainuka, nakoroga maharage, nachungulia dirishani, narudi. Tangu Agosti niko hivi. Marehemu Mama angeniona angesema nimekalia miiba.

Nianze na Milagros. Unamkumbuka Milagros, binti wa mhunzi, aliyekuwa akikutolea macho kanisani na wewe ukijifanya unasali? Sasa ana nyumba ya wageni Gijón, karibu na bandari, wanalala mafundi wa meli na wachuuzi. Mwezi wa Juni alinipigia simu pale baa akaniambia mpishi wake ameolewa na kuondoka, na kwamba kama nataka kazi, jiko ni langu, chumba kipo, na dirisha lake linaona bahari. Alitaka jibu kabla ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba, siku ambayo watu wetu huingia kazini na kutoka kazini tangu enzi za mabibi. Nilirudi nyumbani nikipanda mlima kama msichana. Mimi, na magoti haya.

Nilimweleza Baba akila supu ya vitunguu saumu. Aliinua kijiko, akaelekeza juu, kwenye mlango wa mbele. Unakijua kijiko kile na unajua kilikuwa kinaonyesha nini. Lile jiwe lililochongwa ngao ya ukoo, dubu wake aliyelika pua na miti yake mitatu. Kisha akasema, ati kijiji cha Olmareda bila akina Olmareda, nani amewahi kusikia? Akaendelea kula.

Hotuba yenyewe unaijua, nawe umeionja kuliko mimi. Kwamba sisi ndio shina. Kwamba jina letu lilitoka kwenye nyumba hii likaenda Meksiko, likaenda Kuba, likaenda Chile, likavuka hadi Ufilipino, na kila Olmareda anayepumua duniani ni tawi letu, na shina likiachwa tupu matawi yote yatakauka siku moja. Nilikuwa naweza kuiimba hotuba hiyo nikifua nguo. Na ni kwa sababu ya hotuba hiyo, tangu ulipopanda ndege, hajawahi kulitaja jina lako. Wewe kwake ni “yule.” Yule ameandika. Yule ametuma picha. Na kila nilipokuandikia kwa niaba yake, sentensi ilikuwa ile ile: akifika umri, Ulises aletwe ashike nyumba. Nilikuwa naiandika huku naona aibu, maana nilijua utaisomea jikoni na Graciela atakutazama. Usidhani sikujua.

Basi. Nilidhani kijiko kimemaliza maneno. Kumbe mzee ana mpango. Nadhani ombi la Milagros lilimtia hofu, akaamua kunionyesha kwa macho yangu mwenyewe uzito wa jina ninalotaka kulitupa. Alituma ujumbe kwenye kile kipindi cha salamu cha redio, kinachosikika nchi nzima mchana, akatangaza kwamba siku ya Mtakatifu Roko, Agosti, kila mtu aitwaye Olmareda, popote alipo, anakaribishwa nyumbani kwa asili yake, chakula na divai ni juu ya shina. Alisema hivyo hivyo, “juu ya shina.” Nilisikia mwenyewe, mikono iko kwenye unga, nikatamani ardhi inimeze.

Alichinja kondoo wawili. Aliazima mabenchi ya kanisa. Alimlipa mpiga ngoma na mpiga zumari wa bonde la chini. Alipanda ngazi, kwa umri ule, akaisugua ngao kwa brashi na sabuni mpaka dubu akaonekana ana meno. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi, namwambia Baba shuka, Baba utaanguka, naye ananiambia nishike ngazi niache mdomo. Kijiji kizima kilikuwa kinapita taratibu, kila mmoja ana shughuli ghafla kwenye njia yetu. Saturnina, jirani, alitoa kiti nje kabisa, na ufumaji wake, asipitwe na kitu. Bado anao ule ulimi. Aliniuliza kwa sauti ya kufika kanisani, kama Wakuja wanatarajia wageni wengi.

Wakuja. Hebu lisikie tena jina hilo, kaka, kwa masikio ya mtu mzima. Kila nyumba pale ina jina lake la utani. Kuna kwa Mfinyanzi, kuna kwa Kipara, kuna kwa Mapera, na hakuna anayejisumbua na majina ya kwenye vyeti. Sisi tangu tuzaliwe tulikuwa kwa Wakuja. Mtoto wa Wakuja. Mbwa wa Wakuja. Tulipomuuliza Baba, alituambia ni kwa sababu wageni walikuwa hawakauki nyumbani kwa babu yake, nyumba ya ukarimu. Wewe uliwahi kuona mgeni gani nyumbani kwetu? Lakini tulimeza.

Siku yenyewe ilifika. Tulisimama kituoni, Baba amevaa suti ya harusi yake, ngoma iko tayari, mabenchi marefu yamepangwa mpaka kwenye birika la ng'ombe. Basi likaja. Akashuka yule mtoto wa Kipara aliyekuja likizo. Akashuka mama mmoja wa kijiji cha pili na magunia yake. Kisha akashuka mwanamke mfupi wa umri wangu, koti jekundu, amekumbatia boksi la keki kama mtu aliyebeba mtoto. Sura yake ni ya mashariki ya mbali. Akauliza, kwa Kihispania kizuri chenye mdundo wa kwao, hapa ndipo wanapokutana akina Olmareda? Yeye ni Divina Olmareda, wa Ufilipino, anamtunza bibi mmoja Madrid, na bibi yule haizimi redio.

Basi liliondoka. Hakukuwa na mwingine. Kondoo wawili, Fermín.

Ngoma haikupigwa. Baba alisimama tu, na mimi nilikuwa karibu nilie kwa ajili yake, nikasahau hasira zangu zote. Na yule mwanamke alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona. Aliweka boksi chini, akamwendea, akauchukua mkono wa Baba, akainama na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama mtu anayepokea baraka. Kumbe ndivyo wanavyowasalimu wazee kwao. Baba hakujua mkono aupeleke wapi baada ya hapo. Saturnina aliacha kufuma.

Tulikula, tungefanyaje. Kijiji chote kilikula, mabenchi yakajaa watu wasioitwa Olmareda. Baba alimkalisha Divina kulia kwake, akaanza kumsaili. Babu yake alitoka na meli gani? Alikuwa mwanajeshi? Padri? Mwanamke yule alicheka, si kwa dharau, alicheka kama unavyocheka na mjomba. Alisema hakuna babu aliyetoka na meli. Alisema zamani sana, gavana wa Kihispania aliamuru watu wote wa visiwa vile wapewe majina ya ukoo ili kodi ikusanywe vizuri, na kikatumwa kitabu cha majina mji kwa mji, na mji wao ukapata ukurasa wa herufi O. Wakaambiwa wachague. Jirani akawa Ocampo, mwingine akawa Oliva, na babu wa mababu zake akawa Olmareda, labda kwa sababu lilikuwa linatamkika. Alisema kule kwao leo kuna akina Olmareda wengi kuliko mbuzi aliowaona akiwa kwenye basi, na hakuna hata mmoja mwenye tone la damu ya hapa. Alikuja kwa sababu gani basi, Baba alimuuliza, sauti imekauka. Naye akasema maisha yake yote ameandika neno lile kwenye kila daftari na kila cheti, na akasikia kumbe ni mahali. Alitaka kuona ni mahali gani. Ameona pana mteremko mkali na jibini nzuri, ameridhika.

Nilimpenda hapo hapo.

Baba hakupenda kitu. Alisema, meza nzima ikisikia, kwamba kumbe basi yule mama si Olmareda wa kweli. Na hapo ndipo Saturnina, ambaye alikuwa ameshafika gilasi ya pili au ya tano, alipoweka uma chini. Akamwambia Baba, wee Leandro, wee, muogope Mungu, mgeni wa watu amesafiri na keki. Olmareda wa kweli ndiyo nini? Mtu aitwe Olmareda akiwa hapa hapa Olmareda kwa faida gani? Ni kama kumwita samaki Maji! Hapa sote ni wa Olmareda, mimi wa Olmareda, punda wangu wa Olmareda, na hakuna aliyetuita hivyo. Mwambie mgeni kwa nini nyinyi ni Wakuja. Mwambie, au nimwambie mimi.

Watu walicheka, kisha wale wazee wakainamia sahani zao kwa mpigo mmoja. Niliwatazama nyuso moja moja nikaona wote wanajua. Kipara anajua, Mfinyanzi anajua. Ni mimi tu mwenye mdomo wazi. Baba aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango, na siku hiyo hakutoka tena. Divina nilimsindikiza mimi kwenye basi la jioni, akaniomba radhi, nikamwambia aombe radhi kwa lipi, na nikampa robo ya kondoo.

Subiri, nakuja, kuna mtu anabisha hodi na maziwa.

Nimerudi. Siku zilizofuata sikumuuliza Baba kitu, nilijua nikimuuliza atanionyesha kijiko. Nilipiga deki sakafu iliyokwisha kupigwa deki. Nilitembea mpaka mtoni na kurudi bila ndoo. Mwisho, asubuhi moja, nilimkuta juu ya ngazi tena, bila brashi, ameshika jiwe lile kwa viganja viwili. Nikashika ngazi. Naye akaanza kusema bila kunitazama, uso kwenye dubu.

Alisema ngao ile si yetu. Ni ya akina Ruiz, walioijenga nyumba. Babu yake, Anselmo, yule wa picha ya ukumbini mwenye masharubu, alizaliwa kusini kabisa, Extremadura. Mtu fulani, hakuna ajuaye lini, aliondoka Olmareda kwa njaa akateremkia huko, na watu wa huko, kwa kuwa hawakumjua, wakamwita kwa kule alikotoka, wa Olmareda, na watoto wake hivyo hivyo, na wajukuu, mpaka ikawa jina. Anselmo alikuwa mchungaji. Mwaka mmoja alipanda kaskazini na makundi ya kondoo wa sufu yaliyokuwa yakija kiangazi kwenye milima yetu, na njiani akasikia mtu akitaja kijiji. Akaliacha kundi siku moja, akaja kuona. Alisimama pale uwanjani na kofia mkononi akauliza wako wapi ndugu zake akina Olmareda, na uwanja mzima ukamcheka. Hakukuwa na hata mmoja. Alikuwa yeye peke yake. Binti mmoja wa kwa Ruiz hakucheka, akampa maji, na ndiye bibi yake Baba. Kijiji kikamwita Mkuja, nasi tukawa Wakuja.

Baba alisema alipomwona yule mama wa koti jekundu ameshuka kwenye basi na kuuliza lile swali, alimwona babu yake na kofia mkononi. Na badala ya kumpa maji, alimwambia si wa kweli. Alisema hivyo akiwa amelilaza paji lake kwenye jiwe.

Ungedhani nilimhurumia. Sikumhurumia, Fermín, nakwambia ukweli. Damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia yote. Nilimwambia amenikalisha pale mpaka nywele zimeingia mvi, amemfuta mwanawe wa kiume kinywani, anamdai mjukuu ng'ambo ya bahari, yote kwa ajili ya shina, na kumbe shina lenyewe halikuwapo! Kumbe jina lile halikuzaliwa mpaka mtu alipoondoka! Mtu asingetoka pale, lisingekuwapo la kulinda. Na yeye alijua, alijua tangu akiwa mtoto magotini pa Anselmo. Nilipiga kelele mpaka Saturnina akafungua dirisha. Nilimwambia afunge, akafunga nusu.

Baba alishuka ngazi. Alikaa kwenye kidato cha mwisho, mdogo, kama nguo aliyoivua mtu mwingine. Akasema, mwanangu, sikukuzuia kwa ajili ya jina. Mama yako alipokufa, nilikaa mezani siku ile ya kwanza nikatazama viti, nikaogopa. Naogopa kula peke yangu. Nikaona mzee akisema jina, watu watavua kofia. Akisema anaogopa, watamletea supu na kumwonea huruma. Nikachagua jina. Na ndugu yako alipoondoka niliogopa zaidi, na hofu ilitoka kama hasira, ikakaa hivyo, nikawa sijui tena namna ya kuirudisha.

Nililia hapo. Kwa hasira zaidi kuliko huruma, kisha kwa zote mbili. Angesema hivyo tangu mwanzo! Kwa kuogopa tu, ningekaa naye bila hotuba hata moja, na wewe ungepanda ndege umebarikiwa. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua.

Lakini nilimwambia vilevile kwamba naenda Gijón. Nilipanga kila kitu: mtoto mwingine wa kwa Kipara angemwangalia, Saturnina angempikia, mimi ningekuja kila mwezi. Hakubisha hata kidogo, na kutobisha kwake ndiko kulikonitesa. Nilifunga mzigo wangu, nikaufungua, nikaufunga. Nilimpigia Milagros kusema nakuja, nikampigia kusema siji, nikampigia tena, mpaka akaniambia nikipiga mara nyingine ataajiri punda wa Saturnina.

Siku ya Mtakatifu Mikaeli niliamka nikakuta kitanda cha Baba kimetandikwa. Nilitafuta zizini, nikatafuta makaburini kwa Mama. Nilishuka kituoni nimekata pumzi kuomba msaada, na nikamkuta hapo. Amevaa suti ile ile ya harusi, kofia kichwani, sanduku limefungwa kwa kamba ya ng'ombe, anamtukana dereva ambaye hata hajafika. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema ni swali gani hilo la kumuuliza mtu aliye kituo cha basi.

Ndiyo, kaka. Utazame muhuri sasa. Barua hii siiandiki nyumbani. Naiandika kwenye jiko la Milagros, maharage haya ni ya mafundi wa meli, na dirisha ninalochungulia linaona bahari, ileile uliyoivuka. Kule Olmareda hakuna Olmareda hata mmoja, kama ilivyokuwa kabla ya Anselmo. Ufunguo anao Saturnina, na kuku ni wake. Alikuja kutuaga kituoni akapiga kelele kijiji kisikie, haya, Wakuja wamekwenda! Akacheka sana, kisha akajifunika uso na ule ufumaji wake, na basi lilipokata kona bado alikuwa amejifunika.

Baba siku za kwanza alikuwa mgumu. Chumba kina kelele, mkate una chumvi, bahari inanuka. Hapa hakuna anayemjua, hakuna wa kumwita Mkuja wala Leandro. Juzi alikwenda kununua mkate akapotea. Nilizunguka mitaa yote roho iko mkononi. Nilikuwa narudi nikiwa sioni mbele, nikakuta mama muuza samaki wa kona amemleta, amemshika mkono, anaita mlangoni: jamani, huyu mzee si wenu, yule wa Olmareda? Alimuuliza Baba yeye ni wa nani, naye akasema ni wa Olmareda. Na mtaa umeshalishika. Leo asubuhi mafundi mezani walikuwa wanamwita, Olmareda, sogeza chumvi, Olmareda, unasemaje kuhusu mvua?

Alikula vizuri kuliko siku zote. Kisha akakaa hapa karibu na jiko, nami nikiwa nimeianza barua hii, akanitazama naandika kwa muda. Akaniuliza: na Fermín, kule wanamwitaje?

Nilishika mwiko nikashindwa kukoroga. Alisema Fermín. Alilisema kama neno la kila siku. Nilimjibu kwamba uliwahi kuniandikia kuwa huko kila Mhispania, hata wa jimbo jingine, wanamwita Mgalisia, basi nawe wanakuita Mgalisia. Alikasirika! Aligonga meza, mafundi wakageuka. Akasema Mgalisia wapi, Mgalisia nini, mwandikie sasa hivi awaambie watu hao kwamba yeye ni wa Olmareda, na mwanawe vilevile, na asimlete mtoto kulinda mawe, amlete hapa ale samaki. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Msalimie Graciela, umwambie ile sentensi kuhusu Ulises haitaandikwa tena. Msalimie mpwa wangu, na mpapase kichwa kwa niaba yangu kama utamfikia. Chumba cha Baba kina kitanda cha pili, kimetandikwa. Jibu mapema, kaka, usingoje Krismasi, maana ameanza kuniuliza posta ya huko hufika siku gani, na kila kengele ya mlango inapolia anatangulia yeye.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Remedios, wa Olmareda